Kurasa Kumi na Nne Juu ya Limi

Nyarugusu,
11 Machi 1984

Dada Mwahija, shikamoo.

Mdogo wako Bashiri bado napumua. Mgongo unauma, lakini huku machimboni kila mtu ana mgongo wake, hatuulizani. Habari za Shinyanga? Abdu ameandika toka shuleni? Mwambie mjomba wake anamtafutia viatu, cha kushoto nimeshapata. Mama nilimpitia Kahama mwezi uliopita. Goti limevimba, ulimi hauna hata dalili ya uvimbe. Alinisema kuanzia mlangoni mpaka stendi. Anasema wewe una digrii na bado unasoma, mimi nina darasa la nne na nimegoma, laiti angeweza kutupika upya sufuria moja atugawe sawasawa.

Na hilo la kusoma hebu nieleze. Digrii unayo. Ofisi unayo. Watu wa Shinyanga wakigombana na wake zao wanakuja kwako. Sasa umri huu unakwenda Dar kukaa dawatini, unarudi kazini, unakwenda tena. Hicho chuo kinakufundisha nini ambacho wale wagomvi hawajakufundisha?

Mimi biashara ni ileile, chai na maandazi, na nguo za mitumba, kafa ulaya, zikipatikana. Banda ni turubai na miti minne. Dhahabu ikihama wachimbaji wanahama, nami nakunja nyumba nawafuata kama konokono. Tangu ule msako wa watu wasio na kazi, natembea na birika mkononi hata nikienda chooni, ili mgambo akinikuta aone niko kazini.

Sasa sikiliza neno lenyewe. Kuna mwanamke anaitwa Apolonia, kwao Mhunze, Kishapu. Alikuwa anatwanga mawe ya dhahabu hapa kwenye vinu. Jumamosi moja asubuhi kaja bandani na binti yake wa kama miaka sita. Kanywa chai, kajifunga kitenge, kaniambia, "Kaka Bashiri, niangalizie Limi, nafika Kahama, keshokutwa nimerudi." Leo siku ya ishirini na tatu. Nimeuliza madereva, nimeuliza wapakizi, hakuna aliyemwona. Mtoto yuko hapa, anasimamia vikombe vyangu kama vile ndiye aliyevinunua.

Nifanyeje? Simuulizi dada, naiuliza Serikali.

Mdogo wako asiye na dawati,
Bashiri


Shinyanga,
6 Mei 1984

Mdogo wangu Bashiri, marahaba.

Nisamehe, barua yako ilinikuta nimeondoka. Nilikuwa chuoni Dar wiki mbili, na treni ya kurudi ilikaa Tabora siku nzima inangoja injini. Abdu mzima, anataka madaftari, na madaftari hakuna. Hata ofisini tunaandikia migongo ya barua za zamani. Mama nimempelekea dawa ya kuchua kwa basi la Kahama. Mvua ilikuja ikaondoka, pamba za watu zimebaki kimo cha goti.

Umeuliza wananifundisha nini. Tuko kumi na mmoja, wote ni maofisa ustawi tulioko kazini, mdogo wetu ana miaka thelathini na nne. Kila miezi mitatu tunakwenda wiki mbili, muda uliobaki tunaandika nyumbani na kutuma kwa posta. Kazi hupunguziwi. Mchana naitwa Kolandoto hospitali, mama amefariki katika kujifungua, ndugu hawajulikani, nahangaika na kichanga mpaka jioni. Jioni hiyohiyo naandika insha juu ya vichanga visivyo na ndugu. Darasani mwalimu akizima taa atuonyeshe picha ukutani, nusu yetu tunasinzia. Anajua, anaongea polepole asituamshe.

Kwa nini nasoma? Miaka kumi na mbili nimekuwa naamua watoto wa watu wakakae wapi. Mara nyingi sijui kama niliamua vizuri. Nilitaka mtu aniambie.

Sasa huyo mtoto. Nenda leo kwa mwenyekiti wa kijiji aandikishwe kwamba yuko kwako. Halafu unijibu, bila mizaha tafadhali. Anakula nini, mara ngapi? Analala wapi, na nani? Akiumia anamkimbilia nani? Mama yake anamtaja? Akikukosea unamfanya nini? Chuo kinamtaka kila mmoja wetu amfuatilie mtoto mmoja mwaka mzima na kuandika habari zake. Nilikuwa na wangu, familia ikahama mkoa. Nimeona nimfuatilie huyu wako kwa barua. Utakuwa umenisaidia sana.

Macho yanafumba yenyewe. Nikomee hapa.

Dada yako,
Mwahija


Nyarugusu,
3 Juni 1984

Dada Mwahija, shikamoo.

Naandika nimefunga, kwa hiyo ukikuta neno kali ujue ni njaa. Mgongo uko palepale. Cha kulia cha Abdu bado kinatafutwa, nimepata kingine cha kushoto.

Mwenyekiti kaniandikisha. Aliuliza huyu mtoto wa nani, nikasema nimemchimba. Hakucheka, akaandika.

Maswali yako nimeyasoma na jirani yangu Ghati. Ni mama wa Tarime, anauza maharage, ana sauti ya kusimamisha lori. Anakula? Anakula. Asubuhi chai na andazi, mchana ugali na dagaa, jioni chochote kilichoko kwa Ghati. Kulala, analala hukohuko kwa Ghati na binti zake wawili, maana mimi nalala chini ya meza ya chai, na watu wana midomo.

Akiumia anamkimbilia nani? Juzijuzi aliungua na mvuke. Alipiga ukunga, akampita Ghati, akawapita binti za Ghati, akaja kusimama mbele yangu na mkono juu, kama mimi ndiye niliyeutuma ule mvuke. Nikapuliza. Akasema, "Tena." Nikapuliza mpaka kichwa kikazunguka. Hiyo andika.

Mama yake hamtaji. Mimi nilimtaja mara moja, akanyanyuka akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Kiswahili alikuja na maneno mawili, sasa ananishinda. Mimi Kisukuma changu kinaishia kwenye salamu ya mwangaluka, nikiongeza la pili anacheka mpaka anakaa chini. Asubuhi anasimama mbele ya banda anapayuka, "Chai ya moto! Mwenye baridi apite!" Wachimbaji wanakuja kumwona yeye, chai yangu wanaijua.

Akinikosea? Alimwaga sukari, dada. Sukari, mwaka huu! Nilizunguka banda mara mbili. Niliporudi kanywea kama kifaranga. Nikamwambia, "Basi tuilambe hapohapo kabla sisimizi hawajatangaziana." Tukailamba.

Umetaka bila mizaha. Haya. Kulea sijui. Mke sina, nyumba umeshaambiwa ni ya konokono, kazi yangu hata mgambo haitambui. Nikiugua kesho sijui itakuwaje. Lakini anakula, analala, na asubuhi anapiga kelele.

Mwalimu wako akifurahi mwambie anitumie chaki.

Bashiri mfuatiliwa


Shinyanga,
9 Septemba 1984

Mdogo wangu Bashiri, marahaba.

Miezi mitatu sijakujibu, najua. Julai nilikuwa Dar. Agosti mwenzangu ofisini aliugua, nikabeba mafaili yake juu ya yangu. Abdu mzima, Mama goti limeshuka.

Majibu yako nimeyatumia. Niliandika Jumapili nne mfululizo, zikatoka kurasa kumi na nne, nimeshazituma chuoni. Asante sana.

Bashiri, usimzoee sana huyo mtoto. Ana ndugu zake.

Nina usingizi. Nitaandika vizuri siku nyingine.

Dada yako,
Mwahija


Nyarugusu,
21 Oktoba 1984

Dada Mwahija, shikamoo.

Barua yako fupi kama sala ya msafiri. Nilimsomea Ghati, akasema, "Dada yako kachoka." Nikasema hakuzaliwa hivyo, alikuwa na maneno mengi kuliko mimi, ndiyo maana walimpeleka shule.

Sisi wazima. Limi kang'oka meno mawili ya mbele, sasa "chai ya moto" inatoka na upepo. Nilimpeleka kwa mwalimu mkuu. Si unajua kile kipimo chao, mkono wa kulia unapita juu ya kichwa ushike sikio la kushoto. Kashika! Kashika mpaka kalivuta. Na mimi nikajaribu nikashika, mwalimu akasema nafasi yangu imejaa. Januari anaanza la kwanza. Gauni la bluu nimeshapata kwenye mtumba, Ghati analikata.

Sasa nieleze. "Usimzoee." Unajua nini nisichokijua? Ndugu gani? Mimi nilikutajia Mhunze tu. Kuna bibi, nasikia, mzaa mama. Tangu Februari hakuna aliyemuulizia huyu mtoto. Kama kuna jambo liseme, mimi si mtu wa kufumbiwa, nina darasa la nne lakini nilikaa mbele.

Na ulale, dada. Hata mafaili yanalala.

Bashiri


Nyarugusu,
16 Desemba 1984

Kwa Mama Abdu,
Ofisa Ustawi wa Jamii, Shinyanga.

Salaam. Mimi mzima. Mama nasikia mzima.

Jumanne saa nne asubuhi walikuja na gari, ofisa mmoja na mgambo mmoja. Ofisa anaitwa Donatus, kijana mstaarabu, hata chai alikunywa. Akauliza, "Wewe ndiye Bashiri?" Nikasema ndiye. Akasema ana taarifa, mtoto Limi apelekwe Mhunze kwa bibi yake. Nikauliza taarifa ya nani. Akasema, "Ngoja nikusomee, mzee."

Akasoma mbele ya watu. Mlezi wa sasa ni mwanamume asiye na mke, elimu yake darasa la nne. Hana makazi ya kudumu. Hana kazi inayotambulika. Mwenyewe amekiri kwamba kulea hajui. Ana tabia ya kuficha shida kwa mzaha. Inapendekezwa mtoto arudishwe haraka kwa ndugu wa mama.

Kabla hajafika kwenye sahihi nilishajua. Hayo maneno yote ni yangu, umeondoa kicheko tu.

Ghati alitaka kulala mbele ya gari. Nikamwambia inuka, una watoto wako. Gauni la bluu nilimfungia kwenye mfuko. Limi hakulia. Aliniuliza, "Keshokutwa?" Nikasema sijui. Niliogopa kusema keshokutwa.

Donatus akaniuliza huyu Mwahija aliyetia sahihi namfahamu, maana jina la baba ni moja. Nikasema hapana.

Bashiri


Shinyanga,
6 Januari 1985

Mdogo wangu Bashiri,

Najua salamu hazina mahali leo, lakini nakusalimu. Mama bado hajui, sijaweza kumwambia.

Nikueleze ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Karatasi Shinyanga hakuna. Kazi ya chuo niliiandikia kwenye fomu zetu za taarifa za watoto, ndizo karatasi pekee zilizobaki kabatini. Chuo kilisema tubadilishe majina. Lakini fomu inauliza jina la mtoto, nikajaza jina. Inauliza mahali alipo, nikajaza. Inauliza jina la mlezi. Mkono umezoea miaka kumi na mbili, unajaza wenyewe. Chini pana nafasi ya sahihi, nikasaini. Nikamwachia Generosa, mpiga chapa wetu, anipigie nakala ya chuo aitume, nikakimbilia mafaili. Naye ana mkono uliozoea. Taarifa ya mtoto anaipiga nakala tatu, anagonga muhuri, moja anaituma kwa maofisa wa huko mtoto aliko. Ndivyo tulivyomfundisha. Hakuna aliyemwambia hii ni ya darasani.

Nilianza kukuandikia barua mbili zilizosema kosa ni la Generosa. Nimezichana. Generosa hakutunga yale maneno. Niliyatunga mimi, kwa kuwa nilijua mwalimu anapenda tuonyeshe hatari. Ulivyompuliza mkono sikuandika. Niliitafutia kichwa cha habari cha kuikalisha, sikupata.

Na nilijua ninachopendekeza. Septemba nilikuambia usimzoee badala ya kukuambia nimeandika aondoke. Nilidhani ni karatasi ya mwalimu tu, itakaa Dar, hutaisoma kamwe.

Kazi imerudi. Nimepata alama sabini na nane, za juu kabisa darasani. Pembeni mwalimu kaandika, "Mtoto anaonekana waziwazi." Kurasa kumi na nne, Bashiri, na mimi mtoto huyu sijawahi kumtia machoni.

Ukitaka kunitukana, nitukane. Nitasoma yote.

Mwahija


Nyarugusu,
27 Januari 1985

Mama Abdu,

Barua nimepata. Matusi nilikuwa nayo, yamekwisha. Ghati anayo mengine kama unahitaji.

Banda nimelifunga wiki ya pili sasa. Wateja nawaambia hakuna ngano.

Nenda ukamwone. Mimi nikienda bila karatasi nitaitwa mwizi wa watoto. Wewe una muhuri. Nenda.

Bashiri


Shinyanga,
17 Machi 1985

Mdogo wangu Bashiri,

Habari za mgongo? Abdu hajambo. Mama nimemwambia. Akauliza kama mtoto alikuwa na shuka alipoondoka.

Nimekwenda. Basi mpaka Mhunze, halafu saa moja na nusu kwa miguu, jua la kule unalijua. Bibi anaitwa Nyamizi. Mrefu, ameinama kidogo, jicho moja limefumba. Nikapiga goti nikamwamkia mwangaluka, nikamwambia mimi ndiye niliyeandika barua iliyomleta mjukuu wake. Akauliza, "Uliandikia wapi?" Nikasema Shinyanga. Akasema, "Jicho lako zuri, linafika mbali kuliko langu."

Apolonia hajulikani aliko hata kwa mama yake. Mimi pia nimeuliza Kahama nzima.

Bashiri, pale nyumbani hapana ubaya. Michembe ya viazi ipo, mlenda upo, pamesafishwa. Limi hajakonda. Kwa fomu zangu ningeweka alama kwenye kila kisanduku na kuondoka. Ila mtoto haongei. Toka alipoletwa hajatamka neno, bibi alidhani amepewa bubu. Nilipomwambia kule machimboni alikuwa anatangaza chai kwa kupayuka, alinikazia lile jicho akifikiri namtania.

Nikakaa naye chini mpaka mchana. Yale maswali yangu sikumuuliza hata moja, niliyaonea aibu. Mwisho nikamwambia, "Mimi ni dada yake Bashiri." Akanitazama mdomo. Halafu akasema, "Keshokutwa?" Bibi alikuwa anapeta choroko, ungo ukabaki hewani.

Nikamwomba bibi ruhusa nikurudishie mtoto, nikasema karatasi nitazitengeneza mimi. Akakataa. Sikiliza alivyosema, nakuandikia kama alivyosema: "Huyu kahamishwa na mama yake. Akahamishwa na karatasi yako. Mimi simhamishi, si mbuzi wa mnadani. Anayemtaka ahamie yeye."

Darasani hatujafundishwa jibu lake.

Nilipofika Dar mwezi uliopita nilimfuata mwalimu, nikamwambia yote. Aliuliza kutoka kwangu mpaka machimboni ni safari ya muda gani. Nikasema ya siku moja, kwa basi. Alama zimefutwa. Natakiwa nianze upya na mtoto mwingine, ambaye naweza kwenda kwake kwa miguu, na nitamaliza mwaka mmoja nyuma ya wenzangu. Ofisini pia nimeandika kwamba mlezi ni ndugu yangu na sikusema. Nimepewa barua ya onyo. Muhuri bado ninao.

Sikuombi uhame. Najua umejenga jina hapo na wateja wako. Nimekuletea maneno ya bibi tu, mzigo wenyewe ni wako kuupima.

Nimechoka, lakini si uchovu ule wa mwanzo.

Mwahija


Mhunze,
7 Julai 1985

Dada Mwahija, shikamoo.

Idd ilikuwa njema? Huku Waislamu tuko wanne, tulisali tukaangaliana. Mama kaniletea shuka kwa basi, ameandika juu yake kwa uzi "ya mtoto", ili nisije nikaiuza. Abdu mwambie viatu vimetimia pea. Vyote viwili vya kushoto, lakini pea.

Umeona nilikoandikia. Mwezi wa tatu sasa. Sikukuandikia mapema kwa sababu mkono ulikuwa hauwezi kushika kalamu. Huyu bibi yako Nyamizi, siku ninafika, nimevaa vizuri, nimekuja na sukari na hotuba, hakuniuliza dini, hakuniuliza darasa. Alinipa jembe. Mimi! Jembe mara ya mwisho nililiona kwenye bendera ya Chama. Nikapalilia siku tatu. Siku ya nne akapita kukagua, akauliza, "Kwenu mnakula magugu?" Kumbe nimeng'oa pamba. Nikarudia. Malengelenge yakapasuka yakaota mengine juu yake. Siku ya sita akanionyesha kwa kidole mahali pa kupiga turubai, nje kidogo ya boma lake. Akawa ameshaamua.

Kitabu chako kinasemaje juu ya njia hiyo? Uliza.

Biashara ipo, lakini si biashara ile. Chai naiuza minadani, baiskeli hii, jua hili, leo huku kesho kule, na watu wa pamba wanakunywa chai kwa kuifikiria kwanza. Ghati kaniletea habari kwa dereva. Lile shimo lililokuwa nyuma ya banda langu, lile tuliloliita kaburi la matumaini, limetoa dhahabu mwezi wa tano. Waliokuwa wananibembeleza kikombe sasa wananunua redio. Nilikaa na habari hiyo siku mbili bila kumwambia mtu. Siku ya tatu nikamwambia bibi. Akasema, "Basi kawahi." Nikanywa maji, nikalala.

Nimechoka, dada. Hili nalisema kavu. Umri umeingia kwenye magoti, nahisi nimerithi la Mama. Asubuhi nyingine naamka namtafuta Bashiri wa mizaha, simwoni, namwamsha kwa nguvu kwa sababu kuna mtu anamsubiri acheke.

Limi anaongea. Na kuku anaongea sana, na mimi kiasi, na bibi kwa Kisukuma cha haraka ili nisidake.

Kuna hili moja nilitaka kukuandikia, na hili ukilitaka kwa masomo yako nimekuruhusu. Siku ya kwanza nakwenda mnadani, nilirudi jioni nikamkuta kakaa juu ya kichuguu, pale njia inapochepuka kuja kwa bibi. Bibi akasema kakaa pale toka nilipoondoka, chakula kakataa. Mnada wa pili, yuko kichuguuni. Wa tatu, yuko. Nikamletea karanga, akazipokea, mnada uliofuata yuko. Sikumgombeza, na sikumwahidi saa wala siku. Kila asubuhi nilimwambia tu, "Nakwenda," na jioni nikasema, "Nimekuja." Hivyo hivyo, miezi miwili. Nilikuwa nikikaribia nakanyaga pedali kama nafukuzwa na nyuki, kwa kujua kuna mtu amekaa juani.

Sasa Alhamisi hii mnyororo ulikatika mbali. Nikasukuma baiskeli na mzigo wake, jua likaanza kuzama bado niko njiani, nikawa nasema peke yangu kama mwendawazimu. Nafika kwenye kichuguu, hapana mtu.

Dada, baiskeli niliiachia ikaanguka yenyewe. Nikakimbia, na magoti haya. Kwa bibi hayupo. Bibi akanionyesha kwa kidevu nyuma ya ghala. Nikazunguka. Wako watano, watoto wa jirani na yeye, wamekaa mchangani wanacheza mdako. Akanyanyua macho.

"Umechelewa," akasema. Halafu akarusha jiwe lake juu, akadaka, maana zamu ilikuwa yake.

Nilisimama pale kidogo. Hakuna aliyenijali. Nikarudi njiani kuinua baiskeli.

Mdogo wako wa Mhunze,
Bashiri